Pazi Kilama na Swali la Kabila Lake

Masimulizi ya Wazaramo kuhusu nchi ambayo leo ni Dar es Salaam hayaanzi na Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kujenga mji wake kando ya bandari katika miaka ya 1860. Yanaanza na vita. Washomvi, watu wa pwani waliokaa Mbwamaji, Mzizima, Msasani na Kunduchi, walisumbuliwa na Wakamba hadi wakashindwa kujilinda. Wakatafuta msaada bara, kwa shujaa aliyeitwa Pazi Kilama. Kilama akawashinda Wakamba, na tangu hapo Washomvi wakawa wanawatolea mapazi, yaani wakuu wenye cheo hicho cha Kilama, ada iliyojulikana kama kanda la pazi. Kwa ada hiyo watu wa pwani walikiri kwamba nchi ina wenyewe.

Mgogoro unaanza pale anapotajwa Kilama alikotoka. Wapo wanaosema alikuwa Mkutu. Wapo wanaomtaja kuwa Mluguru aliyeshuka kutoka milimani, na wapo wanaoshikilia kwamba alikuwa Mzaramo tangu kuzaliwa. Kila upande una wazee wake. Makala haya yanatetea msimamo kwamba pande zote tatu zinajibu swali ambalo zama za Kilama zisingelielewa. Uzaramo tunaoujua ni matokeo ya matukio kama yale yanayosimuliwa kumhusu yeye. Hatuwezi basi kuufanya kipimo cha asili yake.

Tuanze na lugha. Kizaramo, Kikutu, Kikwere, Kikami na Kiluguru ni ndugu wa karibu, watoto wa tawi moja la lugha za Kibantu katika bonde la Ruvu na nchi inayolizunguka. Udugu huo unaonyesha kwamba wasemaji wake wana historia ya pamoja, na kwamba mtu aliyetoka Ukutu kuja Pugu au Kisarawe hakuingia ugenini. Lakini lugha haiwezi kutwambia mtu mmoja alizaliwa upande gani wa mto. Anayemtangaza Kilama kuwa Mkutu kwa sababu Kizaramo kinafanana na Kikutu anaibebesha isimu mzigo usio wake.

Ushahidi wa pili, nao ndio mzito zaidi, ni ukoo. Wazaramo, Wakutu na Waluguru kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu jamii za mashariki mwa Tanzania zinazofuata ukoo wa mama, aliziweka pamoja kwa sababu hiyo. Katika mpangilio huo, anachouliza mwenyeji kwa mgeni ni ukoo wa mama yake. Mgeni mwenye ukoo unaojulikana alipata wajomba, shamba na mahali pa kuzikwa. Kwa hiyo Kilama angeweza kufika akitoka mbali na bado akawa mtu wa nyumbani, bila mtu yeyote kuona kwamba amebadili kabila.

Ushahidi wa tatu ni maandishi, na unatoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alipita Uzaramo akielekea maziwa makuu, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1860. Aliandika kwamba wakuu wa vijiji huko waliitwa mapazi. Alisimulia pia kuuawa kwa Mfaransa Maizan mwaka 1845 kwa amri ya pazi aitwaye Mazungera, na huyo alimwita pazi wa Wakamba, ambao aliwahesabu kuwa tawi la Wazaramo. Tulinganishe taarifa hiyo na masimulizi. Wakamba wa masimulizi ni adui aliyefukuzwa. Wakamba wa Burton wamo ndani ya Wazaramo, na kiongozi wao anabeba cheo kilekile cha Kilama. Burton alitegemea maelezo ya wapagazi na wakalimani, lakini hakuwa na upande katika ubishi wa asili ya Kilama. Ikiwa watu waliobeba jina la adui waliweza kuhesabiwa Wazaramo, hatuna sababu ya kudai kwamba mshindi alikuwa Mzaramo kwa damu.

Washomvi nao wanatufundisha jambo. Wanadai asili ya Barawa, katika pwani ya Somalia, na dai hilo limetumika kuwaita wageni. Lakini Barawa ina wenyeji wanaosema Chimwini, lahaja ya Kiswahili. Kutoka Barawa kuja Kunduchi ni safari ndani ya ulimwengu mmoja wa Waswahili, kama ilivyokuwa kutoka Ukutu kuja Pugu.

Mtu anaweza kupinga kwamba hoja hii inawapuuza wazee. Pingamizi hilo lina uzito na linastahili jibu. Mashujaa wanaotoka mbali ni wengi katika historia zetu. Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi Usambara, anasimuliwa kuwa mwindaji aliyetoka Ungulu. Afrika Magharibi, Benin na Ife zinabishana hadi leo: Ife inasema ilimpeleka Oranmiyan Benin akaanzishe ufalme, na Benin inajibu kwamba Oduduwa, baba yake Oranmiyan, alikuwa mwana wa mfalme wa Benin aliyekimbia kwao. Kote huko, kutaja asili ni kutaja haki: nani anamiliki nchi, nani anapokea ada, nani anaongoza tambiko. Wazee wanaposema Kilama alikuwa wetu wanahifadhi kumbukumbu ya haki hiyo, na kumbukumbu hiyo ni ya kweli hata pale ambapo kabila linalotajwa ni la baadaye.

Kabila kama kisanduku chenye mipaka na chifu mmoja liliimarishwa na serikali ya Waingereza, hasa baada ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Mwanahistoria John Iliffe alilieleza jambo hilo kwa kina mwaka 1979. Lugha, ngoma na matambiko yalikuwepo kabla ya hapo; sharti la mtu kuwa wa kabila moja tu ndilo lililoongezwa. Tunapombana Kilama ndani ya kisanduku hicho, tunamhukumu kwa sheria iliyotungwa yeye akiwa kaburini.

Jambo hili lina maana kwa wakazi wa Temeke na Kinondoni, ambako viwanja vinauzwa kila siku na watoto wanakua bila kujua kwamba Mbagala na Kunduchi zilikuwa na historia kabla ya lami. Vitabu vya shule vimtaje Kilama kwa cheo chake, pazi, na vieleze kanda la pazi lilikuwa mapatano gani. Walimu wa historia wawapeleke wanafunzi kwa wazee wa Kisarawe, Mbwamaji na Kunduchi, wayaandike masimulizi ya kila upande yakiwa na majina ya koo. Swali la kuwauliza wazee hao ni moja: ukoo wa mama yake Kilama ulikuwa upi?