Kutoa Hewa Kwenye Mfumo wa Dizeli

Ukishaiacha Soni kuelekea Bumbuli, mashamba yanakaa ubavuni mwa milima ya Usambara, na kwenye miinuko hiyo jembe la mkono halijapata mshindani. Trekta lina kazi zaidi barabarani, kuvuta tela. Sasa chukua Massey Ferguson 135, modeli iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1964, linapanda mlima na dizeli imebaki chini kabisa ya tangi. Dizeli inakimbilia upande mmoja, tundu la bomba linabaki wazi, injini inavuta hewa. Inatetemeka, inazima. Hata ukijaza tangi, haiwaki. Fundi atakwambia: "Toa upepo."

Kabla ya kushika spana, kumbuka injini ililiaje. Kama ilipandisha mlio huku magurudumu hayasogei, klachi inateleza na dizeli haihusiki. Kama mlio wenyewe ulififia hadi ukakatika, tazama dizeli.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto, kisha nozeli hunyunyiza dizeli nayo ikalipuka. Ili nozeli ifunguke, pampu ya nozeli lazima isukume kwa presha inayozidi mara 150 ya hewa tunayovuta. Dizeli haibanwi kirahisi, kwa hiyo msukumo wa pampu hufika wote. Hewa hubanwa. Kiputo kilichonaswa bombani hunywea pampu inaposukuma, hutanuka inapoachia, na nozeli haifunguki.

Kukitoa hufuata njia ya dizeli yenyewe. Fungua koki ya tangi, legeza skrubu iliyo juu ya filta, kisha pampu kwa mkono kile kitasa kidogo cha pampu ya kuvuta, ile inayoleta dizeli kutoka tangini. Mapovu yakiisha, kaza skrubu dizeli ikiwa bado inatoka. Kitasa kikiwa kinacheza bila kusukuma kitu, usikimbilie kununua pampu mpya: huenda injini imesimama mahali ambapo kamu imeushika mkono wa pampu. Zungusha injini kidogo, ujaribu tena. Nenda kwenye pampu ya nozeli, skrubu ya ubavuni kwanza, halafu ya juu. Mwisho legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, ukaze. Mikono ikae mbali; dizeli yenye presha hiyo hupenya ngozi.

Waingereza wameiita kazi hii kwa kitenzi cha kutoa damu, kile kile cha matabibu wa kale waliowachanja wagonjwa. Nasi tuna kuumika, ila sijasikia fundi aliyeliumika trekta. Wao wametaja kinachomwagika. Kiswahili kimetaja kinachotakiwa kitoke, na hapo mwanafunzi anajua aache lini: mapovu yakiisha. Kuna wanaosema "kublidi". Silioni limeongeza nini.

"Kutoa upepo" linatosha kabisa gereji, fundi akiwa amesimama mbele ya injini. Kwenye kitabu cha mafunzo lina kasoro moja, maana gurudumu nalo hutolewa upepo, na dereva wa trekta hupunguza upepo wa matairi kwa makusudi anapoingia shamba laini. "Mfumo wa mafuta" nao haueleweki vizuri, kwa kuwa oili ya injini na ya giaboksi zote ni mafuta. Ndiyo maana napendekeza tuandike kwa kirefu: kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli. Ni maneno mengi, lakini hayamtumi mtu kwenye tairi.

Na hewa ikirudi kesho yake wakati tangi limejaa, usiendelee kuitoa. Tafuta inapoingilia: washa iliyochakaa, nati iliyolegea au bomba lenye ufa, kuanzia koki ya tangi hadi pampu ya kuvuta.