Tiba ya kukabili hofu

Tiba ya kukabili hofu hutumika kutibu maradhi ya waswasi, yaani mawazo yanayomjia mtu bila hiari na vitendo anavyojilazimisha kuvirudia ili atulie. Msingi wake uliwekwa London na Victor Meyer, aliyeeleza mwaka 1966 maendeleo ya wagonjwa wawili waliozuiwa kufanya vitendo hivyo huku wakikutanishwa na walichokiogopa. Anayenawa mpaka ngozi ikachubuka hupata nafuu ya muda mfupi, na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa. Akishika kitasa cha mlango asinawe, wasiwasi hupanda, lakini hujionea kwamba anaweza kuuvumilia na kwamba balaa aliyoitarajia haikuja. Kwa sababu hiyo, jamaa anayemhakikishia kila mara kuwa mikono ni safi humdhuru, ingawa kwa mapenzi.

Wapo wanaoiona tiba hii kuwa ukatili. Sikubaliani nao: mgonjwa huridhia kila hatua, akianzia nyepesi. Wengine hudai dawa pekee zinatosha. Dawa husaidia kweli, ila katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2005, tiba hii iliwafaa asilimia 62 ya wagonjwa, dawa ya klomipramini 42, na vidonge visivyo na dawa 8.