Winchi ya kubebeka: kinachoizuia isipinduke na namna inavyobuniwa

Na Mwandishi Wetu

KUMWAGA zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza katika nyumba ya kawaida ya mjini ni kazi inayohitaji kikosi kizima cha watu. Sakafu yenye ukubwa wa mita za mraba 100 na unene wa sentimita 15 inameza mita za ujazo 15 za zege. Kwa kuwa kila mita ya ujazo ina uzito wa takriban tani 2.4, mzigo unaopaswa kufika juu siku hiyo ni tani 36.

Kibarua anayepanda na lita 10 kwenye ndoo amebeba kilo 24. Kwa kipimo hicho, tani 36 ni safari 1,500 za kupanda na kushuka kwenye mbao zilizoegemezwa juu ya mirunda, tena safari zisizoweza kuahirishwa hadi kesho. Zege huanza kukaza saa chache baada ya kuchanganywa na maji, na sakafu iliyomwagwa vipande vipande hubaki na maungio dhaifu.

Winchi kubwa za mnara zinazoonekana katikati ya miji haziwezi kuwa jibu kwa ujenzi wa aina hiyo. Gharama ya kuzikodi, kuzisafirisha na kuziandalia msingi huizidi kazi yenyewe. Baina ya kichwa cha kibarua na winchi ya mnara kuna nafasi pana, na hapo ndipo penye chombo kinachozungumziwa hapa: winchi ndogo inayofika kiwanjani vipande vipande ndani ya gari dogo la mizigo, ikapandishwa kwa mikono, ikafungwa na watu wachache na kuondolewa kazi ikiisha.

Wazo hilo si geni. Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza katika kitabu chake cha kumi cha usanifu mashine ya magogo mawili yaliyofungwa pamoja juu, yakatanuliwa chini, yakashikiliwa kwa kamba na kuning'inizwa roda. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki nao wana elimu hiyo hiyo tangu zamani: foromali nzito ya jahazi hupandishwa mlingotini kwa jarari inayopita kwenye roda, na maneno hayo ya baharini ndiyo yanayoifaa zaidi kazi ya winchi hata leo.

Hata hivyo, mfano unaogusa moja kwa moja ujenzi wa kisasa ni wa Ujerumani. Mwaka 1949, miji mingi ya nchi hiyo ikiwa bado magofu ya Vita Kuu ya Pili, fundi mkuu wa ujenzi aliyeitwa Hans Liebherr, wa Kirchdorf an der Iller, alitengeneza winchi ya mnara iliyopewa jina TK 10. Upya wake haukuwa katika nguvu ya kuinua. Winchi za mnara zilikuwapo kabla yake, lakini zilikuwa mali ya miradi mikubwa. Yake iliweza kusafirishwa barabarani na kusimamishwa kwa urahisi penye nyumba inayojengwa, kisha ikahamia kwenye nyumba inayofuata. Ilipooneshwa katika maonyesho ya biashara ya Frankfurt mwaka huo huo, ilivuta watazamaji kuliko wanunuzi. Wajenzi walibadili mawazo baadaye, na kampuni iliyozaliwa kutokana na mashine hiyo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa winchi duniani.

Liebherr alikuwa mjenzi kabla ya kuwa mwenye kiwanda, na jambo hilo lina maana. Anayebuni winchi ya kubebeka hutakiwa kuanza na swali la kiwanjani: nani ataibeba, na ataipitisha wapi? Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani (ILO) la mwaka 1967 linaweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja mtu mzima. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uko karibu kabisa na mpaka huo. Kipande cha winchi ambacho ni kirefu na kinapaswa kupita kwenye ngazi nyembamba ni kigumu kubeba kuliko mfuko, hivyo busara ni kuhakikisha hakuna kipande kinachozidi kilo 50, na kila kimoja kiwe cha watu wawili.

Hapo ndipo linapoanza tatizo lenyewe. Winchi kubwa husimama kwa sababu ni nzito. Winchi ya kubebeka imenyimwa uzito kwa makusudi, na bado inatakiwa kuinua mzigo unaokaribia au kuzidi uzito wa mwili wake. Nguvu ya chuma huja baadaye. Hesabu ya kwanza ni ya kupinduka.

Chukua winchi yenye mkono unaotokeza nje ya ukingo wa jengo, ikiinua kilo 200. Ikiwa mzigo unaning'inia mita 1.5 mbele ya miguu ya mbele, zao la uzito na umbali ni 300. Miguu ya mbele ndiyo egemeo, na nyuma yake lazima kuwe na uzito wa kusawazisha. Uzito huo ukiwekwa mita 2 nyuma ya egemeo, kilo 150 zinalingana kabisa na mzigo, na kulingana maana yake ni kwamba miguu ya nyuma iko tayari kunyanyuka. Mkono wenyewe nao una uzito wake mbele ya egemeo, upepo unasukuma, na mzigo unabembea. Kwa hiyo uzito wa nyuma unapaswa kuzidishwa. Ukizidishwa mara mbili, ni kilo 300.

Kilo 300 ni sawa na mifuko sita ya saruji, na ni rahisi kufikiria kwamba mifuko sita ikipangwa nyuma ya winchi kazi imekwisha. Hilo ni kosa linaloweza kuua. Mchana, zege likipungukiwa saruji, kuna mtu atakayechukua mfuko mmoja, kisha mwingine, bila kujua kwamba anaiondolea winchi nanga yake. Mchanga kwenye viroba humwagika na maji kwenye mapipa huvuja. Uzito wa kusawazisha unapaswa kuwa vipande vya chuma au zege vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee, vyenye uzito ulioandikwa, na vikafungwa kwenye fremu kwa namna ambayo haviondoki bila spana.

Kosa la pili linatokana na roda. Roda moja iliyofungwa juu haipunguzi nguvu hata kidogo, inageuza mwelekeo tu. Ili kilo 200 zipande, upande wa pili wa kamba lazima uvutwe kwa kilo 200 na ziada kidogo ya msuguano. Roda na mkono vinabeba pande zote mbili, yaani kilo 400. Wavutaji wakiwa wamesimama chini ya jengo, kilo zote 400 zinauvuta mkono kuelekea ardhini. Zao la mita 1.5 linakuwa 600, na zile kilo 300 zilizowekwa mita 2 nyuma, ambazo dakika moja kabla zilionekana kuzidi, sasa zinalingana tu. Mzigo haukubadilika, kilichobadilika ni mahali waliposimama watu.

Ndiyo maana ngoma ya kukunjia waya hufungwa kwenye fremu ya winchi yenyewe. Nguvu ya kuvuta inabaki ndani ya fremu, na kinachobaki kuipindua ni mzigo peke yake.

Ngoma ya kuzungushwa kwa mkono inavutia kwa bei na kwa kutohitaji umeme. Mpini wenye urefu wa sentimita 30 kwenye ngoma yenye nusu kipenyo cha sentimita 5, pamoja na giya za tano kwa moja, hupunguza kilo 200 hadi kiasi cha kilo 7 mkononi, ukiacha msuguano. Lakini kilichopungua kwenye nguvu kinalipwa kwenye mwendo. Kila mzunguko wa mpini unapandisha mzigo kwa sentimita 6 hivi, na mita 10 zinahitaji mizunguko 160. Kwa mizunguko 40 kwa dakika, ni dakika nne za kupandisha tu.

Ukirudi kwenye zile tani 36, kila safari ikibeba kilo 180 za zege ndani ya ndoo ya chuma ya kilo 20, safari ni 200. Kwa mkono, kupandisha peke yake kunakula zaidi ya saa 13. Winchi ya mkono basi inafaa kwa tofali, nondo, mbao za paa na madirisha, vitu visivyokaza vikichelewa. Zege la sakafu linahitaji mota. Mota hiyo si kubwa: kuinua kilo 200 kwa mwendo wa mita 15 kwa dakika kunahitaji karibu wati 500, na ukijumlisha upotevu kwenye giya, mota ya nguvu ya farasi moja inatosha na inaweza kutumia umeme wa kawaida wa majumbani. Safari ya dakika tatu, pamoja na kujaza na kumwaga, inaimaliza sakafu kwa saa 10.

Iwe ya mkono au ya mota, ngoma lazima ijizuie yenyewe mara tu nguvu inapoondolewa. Mpini unaozunguka kinyume kwa uzito wa kilo 200 huvunja mkono wa anayejaribu kuudaka. Meno ya kuzuia yenye ulimi wa chuma ni kinga rahisi, na breki inayoshika yenyewe ni bora zaidi.

Kuhusu mwili wa winchi, bomba ni bora kuliko nondo nene yenye uzito ule ule, kwa kuwa chuma kilicho mbali na kitovu hukataa zaidi kupinda. Nguzo nyembamba inayosukumwa kutoka juu haisubiri chuma kivunjike. Hujipinda ubavuni kwanza. Mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, alionesha katika karne ya 18 kwamba nguzo ya aina hiyo ikirefushwa mara mbili, uwezo wake hubaki robo. Fundi anayeongeza kipande kwenye mlingoti ili afikie ghorofa moja zaidi, kwa bomba lile lile, anafanya biashara hiyo bila kujua bei yake.

Maungio ndiyo yanayotofautisha winchi inayofungwa kwa nusu saa na ile inayofungwa kwa siku nzima. Pini nene zenye kipini kidogo cha kuzizuia zisichomoke hufunga haraka kuliko bolti nyingi, na zikiwa zote za ukubwa mmoja hakuna atakayekosea tundu. Bora zaidi ni vipande vinavyokataa kuingiliana vikigeuzwa vibaya. Kuchomelea kufanyike karakanani. Kiwanjani pasibaki kazi ya kuchomelea hata moja.

Waya wa kuinulia huchaguliwa uwe na nguvu ya kukatika isiyopungua mara tano ya mzigo, yaani tani moja kwa winchi ya kilo 200. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa mpaka ikumbukwe kwamba mzigo unaodondoshwa ghafla kwenye waya unazaa mvuto wa mara mbili au zaidi, na kwamba waya uliokunjwa kwenye roda ndogo huchoka nyuzi moja baada ya nyingine. Kwenye ngoma, mizunguko mitatu ibaki daima hata kulabu ikiwa imefika chini kabisa.

Kuna pia sakafu inayoibeba winchi. Fremu ya kilo 150, uzito wa nyuma wa kilo 300 na mzigo wa kilo 200 ni kilo 650, na zaidi ya nusu yake hukaa kwenye miguu ya mbele, karibu na ukingo. Zege lililomwagwa wiki iliyopita halijafikia nguvu yake kamili. Mbao nene za kutandaza uzito chini ya miguu, na mirunda ya kuegemeza sakafu kutokea chini, ni sehemu ya winchi kama ulivyo mkono wake. Mkono unaozunguka uangaliwe pia ukiwa ubavuni, kwani miguu iliyotanuka vyema mbele na nyuma inaweza kuwa finyu upande. Katika mitaa ambako nyaya za umeme hupita jirani na mapaa, mzunguko huo uwekewe kizuizi cha chuma kabla ya kazi kuanza.

Nchini Tanzania, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio wenye dhamana ya kusimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mitambo ya kunyanyulia mizigo ni miongoni mwa inayokaguliwa. Mkataba wa ILO namba 167 wa mwaka 1988 kuhusu usalama katika ujenzi unataka mitambo hiyo ichunguzwe na kujaribiwa na mtu mwenye ujuzi, na unakataza kupandisha watu kwenye chombo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kibarua anayening'inia kwenye kulabu ili asipande ngazi hana kinga yoyote katika hesabu zilizotangulia.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Mzigo unaozidi kikomo kwa robo, yaani kilo 250 zilizopimwa kwenye mizani, huinuliwa sentimita chache tu kutoka chini na kuachwa kwa dakika 10, huku mkono ukielekezwa mbele, kisha kulia, kisha kushoto. Miguu ya nyuma isinyanyuke, ngoma isirudi nyuma, na mzigo ukishushwa mkono urejee ulipokuwa bila kubaki umepinda. Baada ya hapo kikomo huandikwa kwa rangi ubavuni mwa mkono, kwa tarakimu zinazosomeka na aliye chini: KILO 200. Jaribio hilo linapaswa kurudiwa kila winchi inapofungwa upya kwenye jengo jingine.