Jengo Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jengo nalo ni mali, tena mali inayobeba roho za watu. Sisi tunaosoma uhandisi na usanifu hapa Uingereza hatumalizi wiki bila kusikia herufi tatu: BIM. Wengi hudhani ni programu mpya ya kuchorea. Historia yake inatuonyesha kwamba fikra yenyewe ina umri mkubwa kuliko sisi, na kwamba kilichochelewa si kompyuta, bali ni makubaliano ya nani aweke daftari na nani alisome.

Kwanza tueleze ni nini. Mchoro wa kawaida ni mistari mitupu; mstari haujui kama ni ukuta au dirisha. Katika BIM, ukuta ni ukuta. Modeli huhifadhi unene wake, vifaa vilivyoujenga na muda unaoweza kuhimili moto. Msanifu akisogeza mlango, michoro yote na hesabu za vifaa hubadilika kwa pamoja. Bomba likipita katikati ya boriti, mgongano huo huonekana kwenye skrini kabla fundi hajashika tindo.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa MIT nchini Marekani, alionyesha kwamba mtu anaweza kuchora moja kwa moja kwenye skrini ya kompyuta. Mwaka 1975 Chuck Eastman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alichapisha maelezo ya mfumo ambao ungelihifadhi jengo zima kama kumbukumbu moja, na michoro yote ikatolewa humo. Hapa Uingereza, katika miaka ya 1980, mfumo ulioitwa RUCAPS ulisaidia kupanga hatua za ujenzi wa Teminali 3 ya uwanja wa ndege wa Heathrow. Ujuzi basi ulikuwa mlangoni. Mbona ikapita miaka mingine thelathini kabla haujawa kawaida?

Jibu tunalipata katika ripoti ya Sir Michael Latham ya mwaka 1994. Aliikuta sekta ya ujenzi imegawanyika, kila mmoja akivutia kwake na migogoro ikizaa kesi. Msanifu alichora, mhandisi akachora upya, mkandarasi naye akachora tena. Kutoa taarifa zako kwa mwenzako kulikuwa sawa na kumpa fimbo ya kukuchapia. Mwaka 1998 Sir John Egan naye alitoa ripoti yake, akitaka kazi zifanywe kwa ushirikiano na upotevu upunguzwe. Ushauri ulisikika, lakini ushauri si amri.

Amri ilikuja Mei 2011. Uchumi ulikuwa umeyumba na fedha za umma zilikuwa haba. Serikali, ambayo ndiyo mteja mkubwa kuliko wote, ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2016 miradi yake itatumia BIM, ikiwa sehemu ya mpango wa kupunguza gharama za ujenzi hadi asilimia 20. Mwaka 2013 zikatoka kanuni za namna ya kubadilishana taarifa: nani anatoa nini, lini, na faili linaitwaje katika hifadhi ya pamoja. Tarehe 4 Aprili 2016 sharti likaanza kwa miradi ya serikali kuu. Kanuni hizo ndizo zilizozaa kiwango cha kimataifa cha ISO 19650 mwaka 2018.

Hata hivyo, sharti lile halikugusa majumba ambayo watu walikuwa tayari wanaishi. Tarehe 14 Juni 2017 mnara wa Grenfell, magharibi mwa London, uliwaka moto na watu 72 wakafa. Dame Judith Hackitt, aliyepewa kazi ya kuchunguza sheria za ujenzi, alieleza mwaka 2018 kwamba taarifa za majengo haziandikwi, hazitunzwi wala hazikabidhiwi ipasavyo. Akapendekeza kumbukumbu ya kidijitali inayofuatana na jengo tangu mchoro wa kwanza, akaiita uzi wa dhahabu. Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 ikaifanya kuwa wajibu kwa majengo marefu ya makazi nchini England, yaani yenye angalau mita 18 au ghorofa saba. BIM iliyoingia kwa mlango wa fedha sasa ilitakiwa kulinda uhai.

Wengi wetu tunatarajia kurudi nyumbani kujenga, na nyumbani nako tuna makaburi yetu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tusidanganyane: kompyuta haichanganyi zege, wala haimzuii mtu asiyetaka kufuata sheria. Lakini daftari linalosomwa na wengi ni gumu kulighushi kuliko mchoro uliofungiwa kabatini.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tukirudi tusianze kwa kuuliza tununue programu gani. Uingereza ilikuwa na programu kwa miongo kadhaa bila kubadilika. Tumwulize kwanza anayelipia jengo: je, mkataba wako unadai daftari? Na siku tutakapokukabidhi funguo, nani atalitunza?