Jinsi maji yanavyosaidia leza kutoboa kauri

Apikaye kwa chungu anajua kwamba chungu kilichotoka motoni kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Ni ajabu basi kwamba wahandisi hutumia maji hayo hayo ili kauri isipasuke inapotobolewa kwa leza.

Kauri za viwandani, kama vile alumina, hutumika kubebea saketi za umeme na kutengenezea vipuri vya kustahimili joto kali. Ni ngumu mno, hata keekee ya kawaida hulika upesi. Leza, ambayo Theodore Maiman aliiwasha kwa mara ya kwanza huko California mwaka 1960, haigusi kitu: mwali wake huyeyusha kauri na kuigeuza mvuke. Lakini alumina huyeyuka katika joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, na sehemu ya uji huo huganda kwenye kuta za tundu. Ukipoa husinyaa, ukaacha nyufa zisizoonekana kwa macho. Hatari iko hapo, kwani kipuri chaweza kupita ukaguzi kisha kikavunjika kikiwa kazini.

Njia iliyo rahisi ni kuifunika kauri kwa tabaka jembamba la maji. Chungu hupasuka kwa kuwa chote kimeshika moto; hapa joto ni la nukta moja, tena la muda mfupi mno, na maji huipoza sehemu ya kandokando kabla joto halijasambaa. Viputo vinavyozuka na kupasuka husukuma nje masalio ya kauri.

Si kila leza ifaayo. Miale ya leza ya kaboni dioksidi, iliyozoeleka viwandani, hunyonywa na maji kabla ya kufika. Ya kijani hupita bila taabu. Maji yakizidi kina, mwali hudhoofika na kutawanywa na viputo. Yakipungua, hurushwa yote pembeni.

Huko Lausanne, Uswisi, Bernold Richerzhagen alibuni njia nyingine katika miaka ya 1990: mwali husafiri ndani ya uzi wa maji mwembamba kama unywele, ukidundadunda bila kutoka. Kanuni yenyewe ni kongwe. Daniel Colladon wa Geneva, mji ulio kando ya ziwa lile lile, aliieleza mwaka 1842. Hata hivyo, katika tundu refu lisilotokea upande wa pili, maji hukosa pa kutokea, uzi huvurugika na mwali hupotea njia.