Kiboko mmoja, bei mbili: historia ya njia za kwenda Katavi

Mto Katuma hupita kwenye mabonde ya mpunga ya Mpanda kabla ya kufika Sitalike na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mkulima wa Mwamkulu, kwenye mabonde hayo, akidamka na kupanda gari, anaweza kusimama kando ya mto huo pale Sitalike jua likiwa bado halijawa kali, akawatazama viboko walivyobanana kwenye tope. Siku hiyohiyo, ndani zaidi ya hifadhi, mgeni aliyeshushwa na ndege ndogo anawatazama viboko wa mto huohuo. Mgeni alilipa mara moja kwa kila kitu: ndege, hema, chakula, gari na mwongozaji. Mkulima alilipa nauli. Nani kati yao amepata zaidi kwa fedha yake? Ukitaka kulijibu swali hilo kwa haki, rudi nyuma uone watu walifikaje huku.

Wa kwanza walijipeleka. Wabende na jirani zao walikuwa wakienda kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi kuacha sadaka kwa mzimu wa Katabi, ambaye ndiye aliyeipa hifadhi jina. Hiyo ni ziara ya zamani kuliko kampuni yoyote ya utalii, na hadi leo mkwaju huo ni mahali pa heshima. Ukiufikia, ufikie kwa adabu.

Kisha ikaja reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini Mpanda ilibaki kando, mbali na kila kitu, mpaka yalipogunduliwa madini ya risasi na mgodi ukafunguliwa. Kwa ajili ya mgodi huo tawi la reli la kilomita 210 likajengwa kutoka Kaliua na kukamilika mwaka 1950. Aliyelijenga hakuwafikiria watalii hata kidogo. Alitaka madini yafike bandarini. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na kwa miongo mingi behewa la daraja la tatu ndilo lililomwezesha mtu wa kawaida kufika Mpanda kutoka Dar es Salaam kwa fedha yake mwenyewe. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa miaka ya 1990 mpaka kufikia kilomita za mraba 4,471.

Kifurushi, yaani safari inayolipiwa mara moja kwa kila kitu kama ya yule mgeni, kina ukoo mwingine. Tarehe 5 Julai 1841, Mwingereza Thomas Cook aliwapakia watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester kwenda Loughborough, shilingi moja kila mtu, kwenda na kurudi. Baadaye Henry Lunn, aliyewahi kuwa mmisionari, aliwakusanya Waingereza huko Grindelwald, Uswisi, mwaka 1892 kwa mkutano wa makanisa, na kutokana na safari za namna hiyo akaingia kwenye biashara ya kuwapeleka watu milimani wakati wa baridi, kuteleza kwenye theluji kwa skii. Mwaka 1950, mwaka uleule reli ilipofika Mpanda, Vladimir Raitz aliuza likizo ya kisiwa cha Corsica kwa pauni 32 na shilingi 10, ndege, hema na chakula vyote ndani. Wote watatu walifanya kazi moja: walinunua nafasi nyingi kwa bei ya jumla wakaziuza mojamoja, na mnunuzi akaepushwa usumbufu wa kupanga.

Sisi nasi tuna kisa chetu cha skii. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na skii zao mgongoni, wakateremka nazo kwenye barafu yake. Hakuna aliyewauzia kifurushi. Leo hawangeweza kujiendea hivyo, kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kupanda mlima ule bila mwongozaji mwenye leseni. Kilimanjaro sheria imeshakuamulia. Katavi uamuzi ni wako, na ndiyo maana hesabu yake inafaa kufanywa kwa makini.

Hapa nchini somo kubwa la vifurushi tulilipata mpakani. Kabla ya mwaka 1977 watalii wengi waliuziwa safari zao Nairobi. Walivuka kwa mabasi madogo, wakaiona Serengeti na Ngorongoro, wakarudi Kenya kulala na kutumia. Wanyama walikuwa wetu, lakini sehemu kubwa ya fedha ilibaki kwa aliyefunga kifurushi. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Watu wanabishana mpaka leo kama ule ulikuwa uamuzi wa busara. Mimi naona kilio cha Tanzania kilikuwa cha haki, maana aliyefunga kifurushi ndiye anayeshika fedha.

Katavi kifurushi kilizaliwa na umbali. Barabara zilikuwa za vumbi, mvua ikinyesha zinakatika. Treni haikuwa na haraka. Kambi za mahema zilikuwa chache, tena ghali. Kwa hiyo wauzaji waliiunganisha Katavi na Mahale, hifadhi ya sokwe, kwa ndege ndogo, mtu akaruka kutoka kwa sokwe hadi kwa viboko bila kukanyaga mjini Mpanda. Kwa mgeni mwenye siku nne za likizo bei ile si dhuluma, kwa kuwa analipia muda ambao hana. Tena kifurushi kina ulinzi wake. Kampuni ya Thomas Cook ilipofilisika Septemba 2019, Waingereza wapatao 150,000 walirudishwa nyumbani, na walionunua vifurushi walilindwa na utaratibu wa dhamana ulioandaliwa kwa ajili yao. Aliyejinunulia tiketi na chumba mbalimbali kwa kawaida hana dhamana ya namna hiyo.

Lakini umbali umepungua. Lami imefika Mpanda kutoka Tabora, na barabara ya Sumbawanga inakata katikati ya hifadhi, hata abiria wa basi huwaona twiga dirishani bila kulipa kiingilio. Kilichobaki kuwa ghali ni gari la kuingia nalo ndani. Bei ya gari ni ileile akipanda mtu mmoja au watano, ilhali kifurushi huhesabu vichwa. Basi mtu aliye peke yake ajiunge na kundi la kampuni, hatajuta. Watano wakikodi gari Mpanda, wakalala Sitalike na kulipia kiingilio cha Mtanzania kwa shilingi, hakuna kifurushi kitakachowashinda kwa bei. Masika ni habari nyingine: udongo mweusi wa mbuga hulinasa gari siku nzima, na siku iliyopotea matopeni ni fedha iliyopotea. Viboko nao hujazana kwenye madimbwi ya Katuma na ya Ikuu, ndani ya hifadhi, mwishoni mwa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, maji yakishapungua.

Ukiamua kununua kifurushi, mwombe muuzaji akuandikie bei ya kila kitu peke yake: gari, kiingilio, malazi, chakula. Mwombe pia akuonyeshe leseni yake ya TALA, ile ya biashara ya utalii, na akisita, ondoka. Na wewe wa Mwamkulu, ambaye maji ya Katuma ndiyo uhai wa mpunga wako, usingoje mtu wa Arusha aje kukuuzia Katavi. Mkishavuna, jikusanyeni watano, mkodi gari, mwende mkaone maji yale yanakoelekea.