Miaka 175 ya Deseret News

Toleo la kwanza la Deseret News, gazeti la Wamormoni, lilitoka Salt Lake City, Utah, tarehe 15 Juni 1850, likiwa na kurasa nane, chini ya mhariri Willard Richards. Wamormoni walikuwa hawajatimiza miaka mitatu tangu wafike katika bonde la Salt Lake, baada ya kufukuzwa Illinois.

Shida kubwa ilikuwa karatasi. Ilisafirishwa kutoka mashariki kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na ilipokwisha gazeti halikutoka. Mwaka 1861 Brigham Young, rais wa Kanisa la Wamormoni, alimwita George Goddard, mfanyabiashara mzaliwa wa Leicester, Uingereza, akampa kazi ya kukusanya matambara ya kutengenezea karatasi. Goddard aliona haya, lakini alikwenda. Kikapu mkono mmoja, gunia mkono mwingine, alipiga hodi nyumba kwa nyumba, na kwenye ibada aliwasihi waumini wasitupe nguo chakavu. Kwa muda wa miaka mitatu alikusanya zaidi ya ratili 100,000, yaani tani 45 hivi.

George Q. Cannon ndiye aliyelikuza gazeti. Alizaliwa Liverpool mwaka 1827, akajifunza uchapaji huko Nauvoo, Illinois, kwa John Taylor, mume wa shangazi yake. Mwaka 1850 alikwenda Hawaii kama mmisionari. Huko, akisaidiwa na Jonathan Napela, mwenyeji wa Maui, alitafsiri Kitabu cha Mormoni kwa Kihawaii. Mwaka 1858, jeshi la Marekani lilipoikaribia Salt Lake City, mitambo ya uchapaji ilihamishiwa mji wa Fillmore, na Cannon akawa anachapa gazeti huko. Alishika uhariri mwaka 1867, na mwaka huohuo gazeti likaanza kutoka kila siku.

Kuanzia 1873 aliiwakilisha Utah katika Bunge la Marekani, bila haki ya kupiga kura. Mwaka 1882, Sheria ya Edmunds dhidi ya mitala ilimkosesha kiti, kwa kuwa alikuwa na wake kadhaa. Mwaka 1888 alijisalimisha kwa mamlaka, akafungwa jela miezi kadhaa kwa sababu ya mitala. Alifariki mwaka 1901.

Mwaka 1922 gazeti lilianzisha kituo cha redio, kinachojulikana leo kama KSL. Mwaka 2021 nakala za karatasi ziliacha kutoka kila siku zikaanza kutoka kila wiki, habari za kila siku zikiwa mtandaoni. Historia ya gazeti husimuliwa zaidi kupitia wahariri, lakini mhariri bila karatasi hana gazeti. Goddard anastahili kutajwa pamoja na Cannon.